Injinia wa Daraja la Tsavo na Kitabu cha Simba Wake

Enzi za gari la moshi la zamani, kabla ya reli mpya kufunguliwa mwaka 2017, msafiri aliyepanda Mombasa jioni alikuwa akilala njia nzima ya nyika, na kuamka asubuhi katika nchi ya Wakamba, mbuga za Athi ziko mbele yake na vilima vya Machakos viko kuliani. Usingizini alikwisha kuvuka daraja la mto Tsavo na kuipita stesheni ndogo ya Kima. Mahali hapo pawili, pasipo na mji wala bandari, panajulikana London na Chicago kwa sababu ya mtu mmoja, John Henry Patterson, aliyekuja kwetu kujenga daraja na akaondoka na kitabu kichwani.

Patterson hakuwa mtunzi wa riwaya kwa maana ya kubuni watu na mambo yasiyokuwapo. Lakini kitabu chake, The Man-eaters of Tsavo, yaani Wala-watu wa Tsavo, kimesomwa na watu wengi kuliko riwaya nyingi, na wakakisoma kama isomwavyo riwaya: kwa hofu, kwa raha, na bila ya kuuliza sana. Ni haki basi, zaidi ya miaka 100 tangu kitolewe, kuyatazama maisha ya mwandishi wake, na kuuliza yale ambayo wasomaji wa kwanza hawakuyauliza.

Alizaliwa mwaka 1867 huko Ireland, katika jimbo la Longford, sehemu ya mashamba na mabwawa. Hakutoka katika nyumba ya mabwana wakubwa. Alipofika miaka 17 aliingia jeshini, na jeshi likampeleka Bara Hindi. Huko alijifunza kazi ya reli na madaraja, akajua kuzungumza Kihindustani, akajua na kuwinda. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyomfaa alipoitwa kuja Afrika ya Mashariki.

Alishuka Mombasa tarehe 1 Machi mwaka 1898. Reli ilikuwa imeanza kutandikwa Kilindini mwaka 1896, na sasa ncha yake ilikuwa imefika Tsavo, maili 132 kutoka pwani. Hapo palikuwa na mto, na mto hauvukwi kwa mataruma matupu. Patterson akapewa kazi ya kusimamisha daraja la kudumu, lenye nguzo za mawe na vyuma juu yake, pamoja na kuiangalia njia ya maili kadhaa upande huu na upande ule.

Watu aliowakuta pale walikuwa wengi wao Wahindi wa Punjab, Waislamu na Masingasinga, walioletwa kwa mikataba kupitia bandari yetu. Waswahili nao walikuwapo, wakiwa askari, watumishi na wapagazi. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, na kuli wa kawaida rupia 12. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno, na bila ya shaka ikawafanya watu wengi wajiite waashi ambao mkono wao haujapata kushika patasi. Patterson akaligundua jambo hilo, akaamuru kila mmoja alipwe kwa kadiri ya kazi aliyoifanya. Wakakasirika, na mwezi Septemba wakala njama ya kumwua katika shimo la mawe. Aliponea chupuchupu kwa kuwasemesha kwa lugha yao wenyewe, kisha wakuu wa njama wakapelekwa Mombasa kuhukumiwa na kufungwa. Haya ameyaeleza mwenyewe, na kwa kweli hayaelezi kama mtu aliyeona haya. Ni msimamizi wa zama zake, mkali, mshupavu, mwenye kuamini kwamba amri ni amri.

Ama simba, hao walianza mapema. Walikuwa madume mawili yasiyo na manyoya shingoni. Wakiingia kambini usiku, wakipenya miiba ya boma, wakimtoa mtu hemani na kwenda kumla karibu tu, hata wenzake wakisikia mifupa inavyovunjwa. Jemadari Ungan Singh, Singasinga mwenye nguvu, alichukuliwa akiwa amelala kati ya wenzake. Askari mmoja mwenye cheo cha sajini, jina lake Abdulla, alikamatwa usiku ule ule aliposhuka stesheni pamoja na bwana wake, afisa Whitehead, ambaye yeye aliokoka na mikwaruzo ya kucha mgongoni. Habari za Abdulla katika kitabu ni hizo tu. Kwao wapi, ameacha nani, hayakuandikwa.

Hapa ndipo uinjinia wa Patterson unapoonekana kuliko pengine popote. Badala ya kuchimba shimo kama wafanyavyo wenyeji, alijenga mtego kwa vitu vya kazi yake: mataruma ya mbao, vipande vya reli, waya wa simu na minyororo mizito. Ulikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa fito za chuma, fito na fito zikiwa mbali kwa inchi 3. Chumba kimoja cha chambo, na chambo chenyewe ni watu. Cha pili cha simba. Ajabu ni kwamba mtego ulifanya kazi. Simba aliingia, mlango ukaanguka nyuma yake. Lakini askari waliokaa ndani na bunduki walitishika hata hawakuweza kupiga, na walipopiga walipiga ovyo, risasi moja ikakata fito ya mlango, na mnyama akatoka akaenda zake. Hesabu ya chuma ilikuwa sawa. Kilichokosewa ni hesabu ya moyo wa binadamu aliyefungiwa na simba usiku katika chumba kimoja, kati yao inchi 3 za uwazi.

Tarehe 1 Desemba mwaka 1898 makuli walisema basi. Walisimamisha gari la moshi kwa kujilaza juu ya reli, wakatupa vyombo vyao ndani ya mabehewa, wakapanda na kurudi pwani. Kazi ilisimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Waliobaki walilala juu ya matangi ya maji, juu ya mapaa, juu ya vyuma vya daraja. Wengine walifunga vitanda vyao mitini, na wengine walichimba mashimo ndani ya mahema wakajifunika magogo. Habari ikafika hata Baraza la Malodi huko London, waziri mkuu Salisbury akawaeleza wenzake kwamba reli ya dola imezuiwa na simba wawili.

Tarehe 9 Desemba Patterson alimwua wa kwanza. Alikuwa ameketi juu ya kiti kilichoinuliwa kwa nguzo nne nyembamba, urefu wa futi 12 hivi, na punda aliyekufa chini yake akiwa chambo. Simba hakujali punda. Alimzunguka yeye mtu kwa muda wa saa mbili gizani. Katikati ya hofu hiyo bundi akamgonga kichwani, akidhani ni tawi la mti. Mnyama huyo alipimwa futi 9 na inchi 8 kutoka puani mpaka ncha ya mkia, na watu wanane ndio waliomchukua kambini. Wa pili aliuawa tarehe 29 mwezi huo huo, baada ya kupigwa risasi nyingi na kuendelea kumjia. Kabla ya hapo huyo wa pili aliwahi kuwaburura mbuzi watatu pamoja na kipande cha reli walichofungiwa, chenye uzito wa ratili 250. Kwa mhandisi, nadhani, kipimo hicho kilisema zaidi ya ngurumo yoyote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mimi, kama mtu wa shairi, hulisoma kila nikifungua kitabu hicho kabla ya kusoma jingine. Makuli waliporudi, mwezi Januari mwaka 1899, walimtunukia Patterson bakuli la fedha. Wengi wa waliotoa senti zao ni wale wale waliomchukia kwa ajili ya mshahara. Na fundi mmoja Mwislamu wa Punjab, Roshan, mtu wa wilaya ya Jhelum, akamtungia shairi refu la Kihindustani. Tafsiri yake ya Kiingereza imewekwa mwishoni mwa kitabu, na wengi wetu hatuna njia nyingine ya kulipata.

Msomaji aliyelelewa chuoni na kusikiliza tenzi zikisomwa barazani atalitambua shairi hilo mara moja, ingawa halijui Kihindustani. Linaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kwa sifa zake, kama dibaji ya utenzi wowote wa Pate au Lamu. Linaeleza safari ya bahari, kazi ya ugenini, na msiba wa simba unaokuja usiku. Linamsifu shujaa kwa kumlinganisha na mashujaa wa Kiajemi wa kale, Rustam na wenziwe, kama vile washairi wetu wamlinganishavyo mtu na Sayyidina Ali. Na mtunzi anataja jina lake na kwao, ili asipotee. Kwa maoni yangu hilo ndilo andiko la kwanza la simba wa Tsavo, limetangulia kitabu kwa miaka 8, na limetungwa na mtu aliyelala ndani ya hema, si juu ya kiti chenye nguzo. Patterson, ili tumpe haki yake, hakulificha wala hakulifupisha. Angeweza kulitupa.

Daraja lilikwisha mwanzoni mwa mwaka 1899, na Patterson akapelekwa mbele kwenye ncha ya reli, sehemu za stesheni iliyoitwa Machakos Road, na mbuga za Athi. Machakos yenyewe, mji wa mtabiri Masaku, ilikuwa mahali pakubwa siku hizo. Misafara ya pwani ilikuwa ikipita huko tangu zamani, kampuni ya Waingereza ilijenga ngome hapo mwaka 1889, na John Ainsworth alikuwa akitawala Ukambani kutoka hapo. Mainjinia lakini waliipitisha reli mbali na mji, penye mteremko mwepesi. Chuma kikafika Nairobi mwezi Mei mwaka 1899, mahali penye maji na matope tu, na mwaka huo huo Ainsworth akahama Machakos, akalipeleka makao ya serikali huko. Mji ulioanza kuwa mkuu ukarudi kuwa wa wilaya. Patterson hakushughulika na hilo kitabuni. Yeye aliona wanyama. Katika mbuga hizo aliwinda simba wengine, na hapo pia aliukuta msafara wa Wasoga waliokuwa wakirudi kwao baada ya kazi ya reli, wagonjwa wa kuhara damu, wakifa njiani mmoja mmoja. Aliwachukua waliobaki kambini kwake na kuwalisha. Nairobi alifanya jambo la namna nyingine: tauni ilipoingia madukani mwa Wahindi, aliwapa wenyewe muda mfupi wa kutoka, akapachoma moto pote. Wakubwa wake walimlaumu kidogo, basi.

Kisa cha Kima hakukishuhudia. Alikuwa amekwisha kurudi Ulaya ilipofika Juni mwaka 1900, wakati Charles Ryall, mkuu wa polisi ya reli, alipolala ndani ya behewa lake kwenye stesheni hiyo katika wilaya ya Machakos, pamoja na Mjerumani Huebner na Mtaliana Parenti, wakimvizia simba aliyekuwa akiwala watu wa stesheni. Simba ndiye aliyewavizia wao. Aliingia behewani kwa mlango wa kuteleza, uzito wake ukalilaza behewa upande, mlango ukajifunga, na akatoka kwa dirisha na Ryall kinywani. Patterson aliwahi kula chakula cha jioni na Ryall ndani ya behewa hilo hilo miezi michache kabla, naye alikipata kisa kwa Parenti akakiandika kana kwamba alikuwapo. Ni sura bora kuliko zote kwa usimulizi. (Wako wasemao stesheni iliitwa Kima baada ya nyama hiyo. Siamini, jina lilikuwapo kabla ya simba.)

Patterson akaenda kupigana vita vya Makaburu huko Afrika ya Kusini, akapata nishani. Mwaka 1906 alirudi kuwinda, na mwaka 1907 kitabu kikatolewa London na Macmillan. Kilipendwa upesi. Rais Roosevelt wa Marekani alikisoma akakisifu, naye mwenyewe akaja kuwinda kwetu mwaka 1909. Injinia ambaye jina lake lingebaki katika makaratasi ya reli akawa mtu wa kualikwa na wakubwa.

Tukifungue sasa kitabu cha hesabu. Kwa hesabu ya serikali waliletwa Wahindi 31,983 kujenga reli hii mpaka Kisumu, ilikofika mwaka 1901. Waliokufa ni 2,493, na waliorudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema ni 6,454. Wengi waliuawa na homa, kuhara damu, vidonda na ajali. Simba wa Tsavo waliwala Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyewaandika hesabu. Kila roho ina thamani yake, lakini mtu akitazama tarakimu hizo ataona kwamba kwa kila Mhindi aliyeliwa na simba hao, karibu wengine 90 walikufa kwa kazi. Hao hawakupata kitabu. Homa haina meno ya kupigwa picha, wala kuhara damu hakuna ngozi ya kutandikwa sakafuni.

Tena hesabu ya simba yenyewe haikukaa mahali pamoja. Patterson aliyepima fito kwa inchi alianza na Wahindi 28, na mwaka 1925, katika kijitabu alichowaandikia Wamarekani, waliokufa wakawa 135. Mwaka 2009 wataalamu waliopima nywele na mifupa ya wale simba walikadiria watu 35 hivi, mmoja akila 24 na mwenziwe 11. Mmoja wao alikuwa na jino bovu lililovunjika, jambo ambalo huenda lilimzuia kukamata nyati au punda milia. Yako na mengine: sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe na wanyama wa mwitu miaka ya 1890, na njia ya misafara iliyopita Tsavo ilikuwa tangu zamani ikiacha maiti za wapagazi na watumwa bila kuzikwa. Simba waliokula watu kwa mafunzo ya miaka mingi si mashetani, kama kitabu kinavyopenda kudokeza.

Baada ya sifa ikaja aibu. Patterson alifanywa mkuu wa wanyama wa nchi, na mwaka 1908 akasafiri kaskazini kuchunguza mipaka ya hifadhi, akifuatana na kijana wa kilodi, Audley Blyth, na mkewe. Njiani Blyth alikufa kwa risasi ndani ya hema. Patterson alimzika, akaendelea na safari kwa wiki nyingi pamoja na mjane. Maneno yakawa mengi Nairobi na London, hata bungeni yakafika. Hakushitakiwa, na serikali ilimsafisha, lakini alijiuzulu. Mwaka 1909 akatoa kitabu cha pili, In the Grip of the Nyika, akilitia neno letu la Kiswahili katika jina lake. Kisa cha Blyth kilizunguka midomoni mwa wawindaji mpaka kikamfikia Ernest Hemingway, ambaye mwaka 1936 alitoa hadithi yake ya Francis Macomber, mwindaji auawaye kwa risasi safarini. Hivyo mtu aliyeigeuza kazi yake kuwa hadithi akageuzwa hadithi na mwingine.

Vita Vikuu vya kwanza vilimpeleka mahali pengine kabisa. Mwaka 1915 aliongoza kikosi cha nyumbu cha Wayahudi huko Gallipoli, dhidi ya dola ya Waturuki ambayo Sultani wake ndiye aliyekuwa akiitwa Khalifa, na mwaka 1918 akaongoza batalioni ya Wayahudi katika vita vya Palestina. Aliandika vitabu viwili juu ya hayo, na hata kufa kwake alikuwa mtetezi wa Wazayuni. Msomaji wa Mwambao anayajua yaliyofuata Palestina baada ya hapo, na hapa ndipo wengi wetu tunapoachana na Patterson. Lakini aliwatetea askari wake mbele ya wakubwa wa Kiingereza waliowadharau, na kwa utetezi huo hakupandishwa cheo. Nikilikumbuka shimo la mawe la Tsavo, naona kwamba hakuwahi kuwatetea makuli hivyo.

Alifariki California tarehe 18 Juni mwaka 1947, hana mali. Majivu yake na ya mkewe, aliyefariki mwaka huo huo, yalihamishwa Israel mwaka 2014 na kuzikwa upya mbele ya waziri mkuu Netanyahu, ambaye kaka yake mkubwa alipewa jina la Patterson.

Ngozi za simba zilikaa sakafuni kwake miaka 25, zikikanyagwa, mpaka alipoziuza kwa jumba la makumbusho la Field la Chicago mwaka 1924 kwa dola 5,000. Zilikuwa zimechakaa na kukatwa, ndiyo sababu simba wanaosimama pale ni wadogo kuliko walivyokuwa. Sinema nazo zimetengenezwa, mashuhuri zaidi ile ya mwaka 1996, ambayo ilipigwa Afrika ya Kusini. Wakenya wamewahi kudai simba warudishwe. Mwaka 2024 wataalamu walitoa habari za nywele walizozikuta zimegandamana ndani ya matundu ya meno yao: za twiga, choroa, kuro, nyumbu wa porini na punda milia, na nyingine za binadamu. Hizo za binadamu hawakuzichambua zaidi. Walisema kwamba huenda wajukuu wa wenyewe wangali hai, na kwamba yafaa waulizwe kwanza.